Shikamoo ya tapeli

Simu iliyomtoa mama yangu mkubwa shilingi 205,000 ilianza kwa shikamoo.

Alikuwa kibarazani kwake Muheza, anachambua mchele, saa nne asubuhi. Kijana wa upande wa pili akamwamkia, akasubiri aitikiwe, akamuuliza miguu inaendeleaje. Kisha akamtaja kwa majina yake matatu, akataja shule ya msingi aliyostaafia na mwaka aliostaafu. Akasema anapiga kutoka mfuko wa pensheni: kwenye uhakiki yameonekana malimbikizo ya mafao yake, na yasipochukuliwa leo hiyo yanarudi Hazina. Kinachotakiwa ni ada ndogo tu ya kuhuisha taarifa, 85,000. "Jina litakalotokea ni la mhasibu wetu mama, usishtuke." Likatokea jina la mwanamke asiyemjua, naye hakushtuka, kwa kuwa alishaambiwa. Baada ya dakika ishirini ikaja simu ya pili, safari hii ni kodi ya malimbikizo, 120,000. Mama mkubwa akatembea hadi kwa wakala kwa miguu ile ile iliyoulizwa hali, akaweka fedha alizotunza kwa ajili ya palizi, akatuma.

Mwanamke huyu ndiye aliyenifundisha kusoma. Alisimama mbele ya ubao miaka 34. Anajua hesabu za riba kuliko mimi, na barua za serikali za kijiji huletewa yeye azipitie. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema wazee wanatapeliwa kwa sababu ya ujinga au kutosoma, nahisi maneno hayo yanamvunjia heshima mtu ninayemfahamu. Na si kwetu tu. Marekani, nchi yenye shule, benki na magazeti ya kila aina, kituo cha FBI kinachopokea malalamiko ya uhalifu wa mtandaoni kilirekodi kwamba watu wenye umri wa miaka 60 na zaidi walipoteza karibu dola bilioni 4.9 katika mwaka 2024 peke yake. Sidhani kama wote hao hawakusoma. Kama elimu ingekuwa kinga, kiasi hicho kisingefikiwa.

Tapeli anachotafuta kwa mzee ni tabia njema. Mzee wa kwetu amelelewa kwamba mtu akikuamkia huwezi kumgeuzia mgongo. Unaitikia, unauliza za nyumbani, unamsikiliza mpaka aseme shida yake. Sisi vijana tunakata simu katikati ya sentensi na hatuoni haya. Yeye kumkatia simu mtu aliyesema shikamoo ni sawa na kumfungia mgeni mlango. Kwa hiyo tunapomwambia "ukipigiwa na usiyemjua, kata", tunamtaka avunje kwa dakika moja kile alichotufundisha kwa miaka. Hawezi, na sidhani kama tunataka kweli aweze. Ule utapeli mwingine, wa mtu anayejifanya mwalimu na kupiga kusema mjukuu ameanguka shuleni, yuko hospitali, tuma hela ya matibabu haraka kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji, unakula kwenye sahani hiyo hiyo. Unamtapeli bibi kwa sababu anampenda mjukuu wake.

Nikarudi kwenye swali lililoninyima usingizi: yule kijana alijuaje majina matatu, shule na mwaka? Hakuna haja ya kudhani kwamba ana mtu wake ofisini. Tembea mji wowote mdogo uangalie taarifa za watu zinavyotapakaa. Orodha za wastaafu hubandikwa ukutani. Picha za sherehe za kuagwa hupandishwa mtandaoni na majina kamili. Kwa wakala wa fedha kuna daftari lililofunguliwa juu ya meza: jina, namba ya simu, kiasi, saini, na kila anayefuata kwenye foleni anaweza kulisoma tangu juu hadi chini. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na tume yake. Bado haijafika juu ya meza ya wakala.

Kuna jambo jingine kuhusu wakala ambalo kila mtu amelishuhudia na hakuna anayelisema. Mzee anakuja na simu ya batani, maandishi madogo, macho yamefifia. Anampa wakala simu na kumwambia kwa sauti, "Mwanangu nitolee elfu ishirini, namba ya siri ni 1951." Mwaka wake wa kuzaliwa. Foleni nzima imesikia. Wakala wengi ni waaminifu, nasema hivyo nikiwafahamu kadhaa, lakini mfumo unaomlazimu mtu wa miaka 74 kutangaza namba yake ya siri hadharani ili apate fedha zake haukutengenezwa ukimkumbuka yeye. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008. Muda wote huo makampuni ya simu yametuletea menyu mpya za mikopo, michezo ya bahati nasibu na vifurushi, na menyu ya sauti inayomsomea mzee asiyeona vizuri jina la anayempelekea fedha bado ni ndoto.

Halafu laini. Tangu muda wa kusajili laini kwa alama za vidole ulipofikia ukomo Januari 2020, kila laini ya simu nchini inatakiwa kuwa na mwenyewe anayefahamika. Sasa anayempigia mama mkubwa anatumia laini ya nani? Mara nyingi ni ya mzee mwingine. Vidole vya mtu aliyeshika jembe au chaki kwa miaka hamsini vimesuguka, mashine haivisomi kirahisi. Msajili wa laini aliyekaa chini ya mwavuli stendi anamwambia, "Bado haijasoma bibi, bonyeza tena. Tena. Na kingine." Bibi anabonyeza mara tano, anaondoka na laini moja, na nyuma yake zimebaki mbili au tatu zilizosajiliwa kwa jina lake. Zinauzwa. Siku polisi wanapofuatilia namba iliyomwibia mwalimu mstaafu Muheza, wanamkuta bibi wa mkoa mwingine kabisa ambaye hajawahi kutuma hata ujumbe mfupi. Mzee mmoja ameibiwa, mwingine amefanywa kuwa pazia la mwizi. Ukipiga *106# kwenye simu ya mzazi wako utaziona laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA. Nilipofanya hivyo kwa mama mkubwa niliikuta moja asiyoifahamu. Tulikwenda kuifuta siku hiyo hiyo.

Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ina namba 15040 ya kupeleka namba na ujumbe wa matapeli, na taarifa zake za kila robo mwaka zimeitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro tena na tena kuwa ndiko majaribio mengi ya utapeli wa simu yanakotokea. Kwa hiyo mahali panajulikana. Wilaya zinajulikana. Ninachokiona mimi ni kwamba namba huzimwa, na kesho mtu yule yule anashika laini nyingine, kwa sababu kiwanda cha kutengeneza laini chini ya mwavuli hakijaguswa.

Fedha za simu, hata hivyo, ndiyo sehemu nyepesi ya mambo haya. Laki mbili zinauma, mtu anapona. Kilichonitisha zaidi kilitokea miezi michache kabla, na hatukukijua mpaka mama mkubwa alipolazwa.

Walikuja na hema. Kijana na dada wawili, koti jeupe, kompyuta ndogo, na kichuma cha kushika mkononi kilichounganishwa kwa waya. Tangazo: kupima mwili mzima, shilingi 10,000, majibu papo hapo. Unaulizwa kwanza umri, jinsia, urefu na uzito. Unashika kichuma kwa dakika moja. Kompyuta inatoa karatasi nyingi zenye rangi: ini, figo, kongosho, mifupa, "sumu mwilini". Mama mkubwa aliambiwa magoti yanasagika, mzunguko wa damu ni hafifu, kongosho limeanza kuchoka. Aliporudi nyumbani alisema wamemwambia kweli tupu.

Tulia uangalie kilichofanyika pale. Mashine ilishaambiwa kwamba huyu ni mwanamke, ana miaka 71, ana uzito mkubwa kidogo. Nani miongoni mwetu, bila mashine yoyote, angeshindwa kusema kwamba mwanamke wa miaka 71 mwenye uzito huo anaumwa magoti na huenda ana presha? Ni mbinu ile ile ya kijana wa simu aliyeuliza hali ya miguu. Sukari haipimwi kwa kushika chuma, inahitaji tone la damu. Figo hupimwa kwa damu na mkojo. Kilicho kwenye karatasi zile ni makisio ya umri na uzito yaliyopakwa rangi.

Baada ya karatasi likaja sanduku: virutubisho vya miezi mitatu, 360,000. Akaambiwa zile dawa za hospitali ni kemikali, zinachosha figo, aziache polepole. Hakuziacha polepole. Aliacha vidonge vya presha wiki ile ile. Siku tuliyompeleka hospitali, kichwa kinamuuma na maneno yanamtoka kwa shida, kipimo kilisoma 204 kwa 118. Alipona, Mungu ni mwema, lakini mkono wa kushoto haujarudi sawasawa.

Na hapa nataka kuwa mkweli, kwa sababu ni rahisi kumtafuta shetani mmoja. Aliyemleta kwenye hema lile ni mwanakwaya mwenzake, mama wa miaka 59, aliyejiunga na mtandao wa kuuza bidhaa hizo kwa fedha za mkopo wa kikundi. Naye alitapeliwa kwanza. Aliamini kabisa kwamba anamsaidia dada yake katika imani, na sehemu ya malipo ya mama mkubwa ilikwenda kulipa rejesho la wiki. Hivi ndivyo bidhaa hizi zinavyotembea: haziuzwi na mgeni, zinauzwa na mtu unayesali naye, na kila aliyeumizwa analazimika kuumiza wawili chini yake ili arudishe chake.

Sheria inasemaje? Tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na baraza lake, ambalo husajili waganga na dawa zao. Tuna TMDA inayosimamia dawa na vifaa tiba. Mwaka 2019 usimamizi wa chakula na vipodozi ulihamia Shirika la Viwango (TBS). Sasa kopo la virutubisho kwenye lebo yake ni chakula. Mdomoni mwa muuzaji ni dawa ya kisukari, presha, tezi dume na nguvu za kiume kwa pamoja. Mkaguzi anasoma lebo. Mzee anasikiliza mdomo. Pengo hilo kati ya lebo na mdomo ndimo biashara nzima inamoishi, na halitazibwa mpaka maneno ya muuzaji yawe kosa sawa na maandishi ya lebo, hata yakisemwa chini ya mwembe nje ya kanisa.

Wapo watakaonijibu kwamba wazee wengine wanapata nafuu kweli. Ndiyo, wapo, na nafuu hiyo inatakiwa itutie wasiwasi. Katika nchi nyingi wakaguzi wamekuta dawa za viungo zinazoitwa za asili zimechanganywa na deksamethasoni, dawa ya kizungu yenye nguvu ambayo haikutajwa popote kwenye kopo. Deksamethasoni hutuliza maumivu ya magoti ndani ya siku chache, mzee anacheza ngoma, anawaambia wenzake. Huku chini kwa chini inapandisha sukari na presha na kudhoofisha mifupa. Anapozidiwa, daktari hajui alikuwa anameza nini.

Lakini kwa nini alikwenda hemani wakati ana haki ya dirisha la wazee hospitalini? Hili ndilo swali lenyewe, na nililijibu siku nilipomsindikiza. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliweka umri wa mzee kuwa miaka 60, na mzee asiye na uwezo anatakiwa kutibiwa bila malipo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wazee wa umri huo zaidi ya milioni 3. Dirisha lao lipo na limeandikwa vizuri. Tulikaa kwenye benchi kuanzia saa mbili hadi saa sita. Daktari, kijana mwenye macho mekundu ya kukesha, alitupa kama dakika nne, akaandika dawa tatu. Dirisha la dawa likatupa moja, ya maumivu. Mbili, "hakuna, kanunue nje". Yule wa hemani alikuwa amekaa na mama mkubwa karibu saa nzima. Alimshika mkono. Alimuuliza kuhusu mumewe aliyefariki. Alimpigia simu baada ya siku tatu kumuuliza anaendeleaje, na wiki iliyofuata tena.

Simlaumu daktari yule. Kwenye lile benchi tulikuwa zaidi ya sitini. Nasema tu kwamba mtu mwenye maumivu atakwenda kwa anayemsikiliza, na tukiacha nafasi ya kusikiliza wazi, ataikalia mwenye sanduku la kuuza.

Nchi hii ilishaliona jambo hilo kwa ukubwa wake wote. Mwaka 2011 watu walijipanga kwa kilomita nyingi kuelekea kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, kunywa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500. Walikwenda maskini na walikwenda vigogo, wagonjwa waliotolewa wodini na wengine walioacha dawa zao za kila siku. Baadhi walifia njiani na kwenye foleni. Babu mwenyewe, aliyefariki mwaka 2021, aliishi maisha ya kawaida na kikombe chake hakikuwahi kupanda bei. Waliovuna ni wenye magari. Simweki kundi moja na wenye mahema. Ninachokumbuka ni ile foleni. Ilikuwa ni foleni ya watu wenye kisukari, presha, saratani na virusi vya UKIMWI ambao hospitali iliwaambia "utaishi nayo" na haikuwaambia wataishi nayo vipi. Foleni ile haijaisha. Imegawanyika tu, imeingia kwenye mahema, kwenye redio na kwenye makundi ya WhatsApp.

Sasa tunaelekea bima ya afya kwa wote, sheria yake ilipitishwa mwaka 2023, na ninaiunga mkono kwa moyo wote. Lakini siku kila mzee atakapokuwa na kadi, kadi hiyo itakuwa na bei, na majirani zetu wametuonyesha kitakachofuata. Kenya mwaka 2023, uchunguzi wa waandishi wa habari ulifichua jinsi wazee wa vijijini, wakiwemo wa Meru, walivyokusanywa kwa ahadi ya kambi za matibabu ya bure, wakasafirishwa hospitali, na mfuko wa bima ya afya wa huko, NHIF, ukadaiwa malipo ya matibabu ambayo hawakuyahitaji au hawakuyaelewa. Waziri wa afya wa wakati huo, Susan Nakhumicha, alisimamisha hospitali kadhaa. Mfuko ukavunjwa, ikaja mamlaka mpya ya bima, SHA, Oktoba 2024 yenye mifumo ya kidijitali. Agosti 2025 waziri Aden Duale alitangaza kusimamishwa kwa vituo 40 kwa sababu zile zile: wagonjwa hewa, wa nje kuandikwa kuwa wamelazwa, kumbukumbu za kughushi. Mfumo ulibadilika na kidole cha mzee kikabaki kuwa mali ya mwingine.

Marekani nako, Aprili 2019, serikali iliwashtaki watu 24 katika kesi ya hasara ya zaidi ya dola bilioni 1.2. Mbinu? Vituo vya simu vilikuwa vikiwapigia wazee wenye bima ya Medicare, vikiwaahidi vifungo vya magoti na mgongo "bila malipo", madaktari wakisaini bila kuwaona wagonjwa. Magoti tena. Popote ulipo duniani, magoti ya mzee ndiyo mlango.

Kitu kimoja cha huko ningependa kukiona kwetu. Tangu mwaka 1997 wana mpango uitwao Senior Medicare Patrol, ambamo wazee wa kujitolea huwafundisha wazee wenzao kusoma karatasi za malipo ya bima na kuuliza: hiki kipimo nilifanyiwa lini? Hatuhitaji kuanza kutoka sifuri. Mabaraza ya wazee tunayo hadi ngazi ya kijiji, mengi yanaitwa tu siku mgeni wa serikali anapokuja apigiwe makofi. Yapeni kazi hii. Na mfuko wa bima umtumie mwanachama ujumbe mfupi kila kituo kinapodai fedha kwa jina lake, kwa Kiswahili cha nyumbani: "Tarehe 4 hospitali fulani imedai kwamba ulipigwa picha ya mgongo. Kama si kweli, jibu HAPANA." Mwalimu mstaafu anaweza kujibu hapana. Mpaka leo hakuna anayemuuliza. Anapewa fomu atie saini, nusu yake haijajazwa, naye anatia kwa sababu muuguzi ni binti wa jirani na kumdai maelezo itaonekana ni kumshuku.

Nimeandika kuhusu matapeli wa nje kana kwamba wote wako nje. Hawako wote huko. Wastaafu wengi ninaowafahamu hawajui pensheni yao ya mwezi ni shilingi ngapi kamili, kwa sababu kadi ya benki iko kwa mtoto. Wapo ambao kadi yao iko kwa mkopeshaji wa mtaani, imewekwa rehani na mtoto huyo huyo. Zanzibar hulipa Pensheni Jamii kwa kila mwenye miaka 70 na zaidi tangu 2016, ilianza na shilingi 20,000 na sasa ni 50,000. Kenya ina Inua Jamii, shilingi 2,000 za kwao kwa mwezi. Ni fedha chache, na ndiyo maana mjukuu hujiambia bibi hazihitaji. Mzee anajua. Analijua hilo vizuri kuliko tunavyodhani, anakaa kimya kwa sababu akisema atakula na nani jioni? Sheria inaweza kumkamata kijana wa simu. Haina njia ya kuingia kwenye ukimya huo. Ndugu ndio wanaoweza, na mara nyingi ndugu ndio wanaokwepa.

Na sisi tunaojiona hatujaiba chochote? Mama mkubwa alinipigia mimi kabla ya kutuma zile 85,000. Niliona simu inaita, nilikuwa kazini, nikasema nitampigia baadaye. Aliita mara mbili. Yule kijana hakuwahi kukosa simu yake hata mara moja. Na jioni aliponieleza, neno la kwanza kunitoka lilikuwa, "Mama, kwa nini ulituma? Si tulishakwambia?" Aliinama. Tangu siku ile hakunieleza jambo lolote la fedha kwa miezi minne, na ndani ya miezi hiyo kijana alipiga tena, akijifanya ni polisi anayemrudishia fedha zilizoibwa kwa malipo ya ada kidogo. Akalipa 40,000 nyingine. Alikuwa na aibu ya kuniuliza. Hizo arobaini zilitoka mfukoni mwake, lakini ni mimi niliyemsukuma mikononi mwa mwizi kwa sentensi moja.

Kwa hiyo nyumbani kwetu tumekubaliana hivi, na sioni kwa nini nyumba nyingine isiweze. Akipigiwa na yeyote kuhusu fedha au dawa anamsikiliza kwa adabu yake yote, kisha anasema, "Sawa baba, nitazungumza na mwanangu halafu nitakujibu." Hakuna tusi, hakuna kukata simu. Na sisi watoto watano tumegawana siku: simu yake ikiita siku yako unapokea, hata ukiwa kikaoni. Mwenye siku hiyo haruhusiwi kumkaripia. Dawa zake za presha tunanunua kwa pamoja na zinamfika kabla za mwezi uliotangulia hazijaisha, ili asije akakaa wiki bila dawa wakati hema linapita.

Mwezi uliopita alialikwa kwenye kikao cha baraza la wazee la kata, wakiwa kama thelathini, chini ya mkorosho wa ofisi ya mtendaji. Alisimama kwa fimbo, akasema aliibiwa 205,000 kwa simu, 40,000 kwa simu nyingine, na 360,000 kwa makopo, akaonyesha mkono wa kushoto. Pakawa kimya. Kisha mzee mmoja, mstaafu wa reli, akanyoosha mkono na kusema yeye ni laki sita, na kwamba mke wake hajui hadi leo. Bibi aliyekaa nyuma akasema laki moja na nusu. Mwenyekiti akamwomba katibu afungue ukurasa mpya aandike, na watu wakaendelea kunyoosha mikono.